Kiti Kitupu cha Bembea

Katika bustani ya michezo ya Liseberg, mjini Gothenburg, Uswidi, iko bembea ya minyororo inayozunguka. Viti vimening'inizwa kwenye paa la duara, na paa likishika kasi viti hutanuka nje kama gauni la mtoto anayejizungusha. Mwalimu anayejua kazi yake hawapandishi wanafunzi mara moja. Huwasimamisha chini na kuwauliza: kile kiti kitupu na kile alichokalia baba wa watu mwenye kitambi, kipi kitakwenda nje zaidi?

Watoto hugawanyika hapo hapo. Kuna wanaoapa kwamba kitupu kitarushwa mbali kwa kuwa ni chepesi, na kuna wanaosema kizito ndicho kitakachovuta. Kisha bembea inazunguka, nao wanaona: minyororo yote imelala kwa mwinamo mmoja, ya kiti kitupu na ya yule baba. Mtu mzito huvutwa chini kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini pia yahitajika nguvu zaidi kuupinda mwendo wake ili afuate duara. Yote mawili huongezeka kwa kadiri ileile, basi mwinamo haubadiliki. Unaoubadilisha ni mwendo wa bembea na upana wa duara lake.

Swali hilo nalistaajabia kama ninavyostaajabia mlango wa Zanzibar uliochongwa na fundi asiye na haraka. Halidai tiketi wala chombo. Mtoto wa miaka saba analielewa, na mwanafunzi wa chuo kikuu huweza kulikosa. Ufundi wenyewe umo katika wakati wa kuuliza. Ukiuliza baada ya watoto kuona, umewapa habari tu. Ukiuliza kabla, kila mmoja ameshaweka neno lake, na macho yake sasa yana kitu cha kutafuta.

Miongoni mwa waliolikuza somo hili ni Ann-Marie Pendrill, profesa wa fizikia wa Uswidi, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia walimu kuhusu masomo ya Liseberg na ya Gröna Lund, bustani ya michezo ya Stockholm. Vifaa vyake ni vya kawaida mno. Kimoja ni mdoli mdogo wa kitambaa aliyefungwa kwenye uzi. Ukimshika ukiwa kwenye bembea ya minyororo, uzi hulala sambamba na mnyororo, na mtoto aliyedhani uzi siku zote huelekea chini ardhini hubaki akiutazama. Kingine ni kikombe chenye maji kidogo, cha kushikwa katika mnara wa kudondoka, ule unaopandisha watu juu na kuwaachia waanguke. Kikombe na maji vinaanguka pamoja, hivyo maji yametulia humo.

Mwalimu wa lugha naye ana shamba lake hapa. Mtoto akishuka kwenye treni ya milima na mabonde husema tumbo lilibaki juu. Mwulize lilibaki wapi hasa, kileleni au bondeni, na ni wapi alijiona mwepesi, wapi mzito. Akiandika kwa maneno yake mwenyewe, insha yake inakuwa pia taarifa ya sayansi, na sentensi zinanyooka kwa sababu ana jambo la kusema.

Historia na hesabu hukutana kwenye gurudumu kubwa. La mhandisi George Ferris lilizunguka mjini Chicago mwaka 1893, katika maonyesho ambayo Wamarekani walitaka yashindane na yale ya Paris ya 1889, yaliyouzaa mnara wa Eiffel. Lilikuwa na vyumba 36, kila kimoja cha watu 60, na tiketi ilikuwa senti 50 za dola. Mpe mtoto namba hizo umwache. Atapata watu 2,160, kisha dola 1,080 kwa safari moja iliyojaa, na punde ataanza mwenyewe kuuliza lilijengwa kwa fedha ngapi.

Sipendi ziara ambazo mtoto hubebeshwa karatasi ya maswali 30. Siku nzima huinamia karatasi huku juu yake watu wanaruka. Maswali mawili yanatosha, yakiwa yamechaguliwa vizuri.

Na yapo yanayofaa hata pasipo na Liseberg, kwenye bembea za viwanja vya Idi au za uwanja wa shule. Chukua bembea mbili za urefu mmoja. Katika moja akae mtoto, nyingine iwe tupu. Zivutwe nyuma sawa, ziachiwe pamoja: huenda na kurudi karibu sawia, kama watu wawili wanaotwanga kwa mpigo mmoja. Kisha mtoto asimame juu ya kiti, mvute tena. Safari hii bembea yake hutangulia kurudi. Mwalimu hunyamaza hapo, akingoja nani atakuwa wa kwanza kuuliza kwa nini.