Kazimoto hakuwa alama tu: riwaya za Kezilahabi na aibu ya maradhi ya akili

0. Utangulizi

Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe riwaya yake ya Kichwamaji mwaka 1974, wahakiki wengi wamemsoma Kazimoto, mhusika mkuu na msimulizi wa riwaya hiyo, kama kielelezo cha falsafa ya udhanaishi. Kwa mtazamo huo, kijana msomi anayejiua mwishoni ni alama: alama ya kizazi kilichopoteza imani, alama ya elimu ya kigeni iliyomtenga mtu na ukoo wake, alama ya maisha yaliyokosa maana. Uchambuzi huo una ukweli wake, na sisi wenyewe tumeufundisha kwa muda mrefu. Lakini siku moja, katika semina yetu ya fasihi, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo wa mwaka aliomba neno. Alieleza kwamba kwao alikuwako kaka mkubwa aliyeanza kusema kama Kazimoto, kisha akatenda kama Kazimoto, na kwamba tangu siku ile jina lake halitajwi nyumbani. Halafu akauliza: kaka yangu naye alikuwa alama ya kitu gani?

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kulitafuta. Tunakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba jitihada za jamii za kuwaelimisha watu juu ya afya ya akili na kupunguza aibu inayowaandama wagonjwa zinahitaji lugha, na kwamba lugha hiyo haiundwi hospitalini peke yake. Pili, kwamba fasihi ya Kiswahili ina akiba kubwa ya lugha hiyo, lakini sisi wahakiki tumeifungia akiba hiyo kabatini kwa kupenda mno kufasiri alama.

1. Majina ya maradhi

Kabla ya kuzifikia riwaya, yatupasa kuyaangalia maneno. Neno wazimu lina undugu na mzimu, yaani roho ya marehemu. Kupagawa kunatokana na kitenzi pagaa, kubeba mzigo begani: aliyepagawa ni mtu aliyetwaliwa na kitu kingine. Majununi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina shina moja na jini. Maneno haya yote yanasema kwamba kuna kitu kilichotoka nje kikamwingia mtu. Kwa upande mwingine tunayo maneno kama punguani, linalotokana na kupungua, na msemo wa kurukwa na akili. Haya hayasemi kwamba kuna kilichoingia. Yanasema kwamba kuna kilichotoka au kisichotosha.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Jamaa wanaosema kwamba mtoto wao amepagawa wangali na tumaini, maana kilichoingia chaweza kutolewa. Ila tumaini hilo huja pamoja na swali la hatari, nalo ni: nani aliyekituma? Wanaosema kwamba mtoto wao ni punguani hawamshuku jirani, lakini hawana la kungojea. Hivyo familia moja huangukia katika ugomvi, nyingine katika kukata tamaa, na mgonjwa huumia katika zote mbili.

Wataalamu wa tiba wametuletea jina la tatu: mgonjwa wa akili. Ni jina la heshima kuliko yaliyotangulia, nasi hatuna nia ya kulipinga. Lakini neno akili kwa Kiswahili halitaji tu sehemu ya mtu inayoweza kuugua. Linataja pia busara, werevu na malezi mema. Tunasema akili ni mali. Tunamkaripia mtoto kwa kumwambia kuwa hana akili. Basi mtu akiambiwa kwamba akili yake ni mgonjwa, husikia zaidi ya alichokusudia daktari: husikia kwamba yeye ni mjinga, tena hakulelewa. Jina jipya limeteleza kwenye mteremko wa zamani.

Ndiyo maana tunaona kwamba neno sonona, linalotumika siku hizi nchini Tanzania kwa ugonjwa wa huzuni ya kupita kiasi, limechaguliwa vema. Linatokana na ukoo wa kusononeka. Halimwambii mtu kwamba amepungukiwa, wala kwamba ametumiwa kitu na jirani. Linataja uchungu wake. Na uchungu ni kitu ambacho kila msikilizaji amewahi kukionja.

2. Kichwamaji: nani anayesikia?

Turudi sasa kwa Kazimoto. Mwanafunzi huyu wa chuo kikuu anarudi nyumbani na kukuta dada yake Rukia amepewa mimba na Manase, kijana msomi wa familia jirani ambaye sasa ni mtu mwenye cheo. Rukia anakufa. Mama yake pia anakufa. Baadaye Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase, na mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Kisha Kazimoto anajiua.

Tulipoyasoma upya masimulizi hayo baada ya swali la mwanafunzi wetu, tuligundua jambo la kututia haya. Katika mihadhara yetu tulikuwa tumenukuu mara nyingi mawazo ya Kazimoto juu ya Mungu, uhuru na maana ya maisha, lakini mara chache mno tulikuwa tumeyahesabu makaburi aliyoyapita ili kufika kwenye mawazo hayo. Tulichukua maneno tukaacha misiba. Mfiwa akisema kwamba maisha hayana maana, jirani mwema hamjibu kwa kumlinganisha na wanafalsafa wa Ulaya. Huketi naye.

Kuna jambo la umbo pia. Riwaya imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Kejeli zake, wivu wake, hofu yake na uchovu wake tunavipata moja kwa moja. Lakini wahusika wanaoishi naye hawavipati hivyo. Wao humwona msomi mwenye majivuno na ulimi mkali. Kwa hiyo msomaji ndiye anayemsikia Kazimoto kikamilifu, na msomaji hawezi kumjibu. Sisi tunaona kwamba hapo ndipo nguvu ya riwaya ilipo. Mwandishi ametuweka mahali pa ndugu anayejua yote na asiyefanya lolote. Anayeifunga Kichwamaji bila kusumbuliwa na nafasi hiyo hajaisoma bado.

Hata hivyo, tujihadhari na kosa la upande wa pili. Itakuwa rahisi sasa kusema: Kazimoto alikuwa na sonona, basi, shauri limekwisha. Kezilahabi hakuandika faili la hospitali. Kumbandika mhusika jina la ugonjwa ni kuivua alama moja na kumvika nyingine. Riwaya inasisitiza kwamba uchungu wa mtu huyu una historia: shule iliyomlea mbali na kwao, cheo kinachomkinga mkosaji, jamaa wasiojua tena waseme nini na mtoto wao msomi. Daktari akiuona ugonjwa bila historia hiyo, atatibu nusu ya mtu. Mhakiki akiiona historia bila ugonjwa, naye atafundisha nusu ya mtu.

3. Rosa Mistika: swali la hakimu na swali la jirani

Riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, kwa sababu ilisema waziwazi habari za mapenzi na mimba. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Anampiga bintiye vibaya kwa ajili ya barua ya mvulana aitwaye Charles. Rosa anajifunza kuwaogopa wanaume. Kisha, anapokuwa chuoni mbali na baba yake, kizuizi kinavunjika. Mwishowe Charles anamkataa baada ya kujua mambo yake yaliyopita, na Rosa anajiua.

Swali tulilolizoea katika mitihani ni hili: nani mwenye kosa, Rosa, Zakaria, au jamii? Wanafunzi hulipenda, kwa kuwa huwapa nafasi ya kuwa mahakimu. Lakini swali la kosa ndilo hilo hilo linaloulizwa na majirani nje ya nyumba ya mgonjwa: alifanya nini hata yakampata haya? Wazazi wake walikosea wapi? Ni mwiko gani uliovunjwa? Kwa kulirudia darasani tumekuwa tukiwazoeza vijana kuiendeleza aibu tunayodai kuipinga. Swali la jirani ni tofauti: katika njia yote ile, tangu kipigo hadi siku ya mwisho, ni mlango gani ambao Rosa angeweza kuubisha na kufunguliwa? Mwanafunzi aliyetafuta milango hiyo katika riwaya atajua kuitafuta katika mtaa wake.

4. Mabango na methali

Tarehe 10 Oktoba kila mwaka, tangu 1992, ulimwengu huadhimisha Siku ya Afya ya Akili. Siku hiyo, na siku nyingine pia, wahamasishaji hutuambia kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Nia ni njema, na kwa familia inayodhani imelaaniwa, sentensi hiyo yaweza kuwa nafuu kubwa. Lakini wasikilizaji wanajua kwamba si kweli kabisa. Mwenye malaria huletewa uji na watu humtembelea. Mwenye maradhi ya akili huenda akapoteza mchumba, kazi, na sauti yake katika baraza la ukoo, hata baada ya kupona. Maradhi yaweza kufanana mwilini, hayafanani mtaani.

Vivyo hivyo kwa methali isemayo kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Ni methali ya hekima, ila imejengwa juu ya sharti lisilotajwa: kwamba anayefichua hupata msaada. Pale ambapo anayefichua huumbuliwa na walio hai kabla ya kifo, familia inayoficha haifanyi upumbavu. Inapiga hesabu. Kampeni inayoikaripia familia hiyo kwa kuficha huongeza aibu juu ya aibu. Inapasa kwanza kuibadili hesabu yenyewe: kupunguza gharama ya kusema.

5. Benchi na tulizo

Mifano ya kazi hiyo ipo. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha akina nyanya wa mitaa ya Harare kuketi kwenye benchi karibu na vituo vya afya na kuwasikiliza wenye dhiki. Hawakuanza na jina la kitabibu. Walianza na neno ambalo Washona wenyewe hulitumia, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu waliosikilizwa kwa njia hiyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa mhakiki wa lugha, funzo ni wazi: neno la watu lilitangulia, dawa ikafuata. Na sisi je, hatusemi kwamba fulani ana mawazo? Neno hilo dogo, lisilo na tusi ndani yake, laweza kuwa mlango.

Nchini kwetu, Mabruda wa Caritas, ambao Kifaransa huwaita Frères de la Charité, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Kituo chao cha Lubumbashi kina jina la Joseph Guislain (1797-1860), daktari wa Gent aliyedai kwamba wenye wazimu watendewe kama binadamu. Anastahili heshima hiyo. Lakini kwa mpita njia asiyemjua, jina hilo halisemi neno, na jina lisilosema huuachia uvumi nafasi. Kituo cha Goma kinaitwa Tulizo Letu. Tulisome jina hilo kama tunavyosoma ubeti. Tulizo linatoka katika kutuliza: halitaji ugonjwa wala upungufu, linataja kile kinachotafutwa. Na letu halimtengi yeyote. Mgonjwa, muuguzi na jirani wote wamo ndani ya kimilikishi kimoja. Katika mji ambao vita vya tangu miaka ya 1990 vimewafanya wengi walale na hofu, ni nani awezaye kusema kwamba tulizo hilo si lake?

6. Hitimisho

Hatudai kwamba riwaya huponya. Tunadai kwamba huwapa watu mahali pa kusemea. Ni rahisi kwa mama kuzungumza juu ya Rosa kuliko juu ya bintiye, na akizungumza vya kutosha juu ya Rosa, bintiye atasikia kwamba mlango uko wazi. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Riwaya hizi zisomwe nje ya madarasa, katika vikundi vya akina mama, parokia na misikiti, bila maswali ya mtihani. Wanafunzi wetu wayakusanye maneno ambayo watu wa Lubumbashi, Likasi, Kalemie na Bukavu huyatumia kwa dhiki za moyo, ili wauguzi wasikose la kuanzia. Na watunzi wetu wa michezo ya redio na jukwaani wajiulize, kila wanapomleta kichaa ili watu wacheke, kama wamewahi kumpa nafasi ya kusema.

Linabaki swali la mwanafunzi wetu. Tumechelewa kulijibu, nasi tunamwomba radhi. Kaka yake hakuwa alama ya kitu chochote. Alikuwa mtu aliyesema, na walio karibu naye walikosa lugha ya kumjibu. Jina lake linafaa litajwe nyumbani; na tukianza kulitaja, huenda mwingine aliye kimya katika nyumba ile, au katika semina yetu, akaomba neno kabla ya wakati kupita.