Karata Tatu za Hermann

Mwandishi wa hadithi anapowaketisha watu wake mezani wacheze kamari, aghalabu hushika mchezo wa kwanza umjiao akilini, akidhani ya kuwa karata ni karata na dadu ni dadu, kisha hustaajabu kuona msomaji hakushtuka pale mali ilipopotea. Aleksandr Pushkin, ambaye mwenyewe alikuwa mcheza karata asiyebanduka mezani, hakukosa hivyo katika Malkia wa Shupaza, hadithi iliyotoka mwaka 1834. Nami nimeirudia mara nyingi kwa ajili ya swali moja: kwa nini Hermann, mhusika wake mkuu, hachezi mchezo mwingine wowote ila ule uitwao farao?

Kanuni za farao ni chache mno. Mwenye benki ana jozi yake ya karata na mchezaji ana yake. Mchezaji huchagua karata moja, akailaza mezani, akaiwekea fedha. Na mwenye benki hufunua za kwake mbili mbili, ya kwanza kuume na ya pili kushoto. Karata iliyo sawa na ya mchezaji ikiangukia kuume, fedha ni za benki. Ikiangukia kushoto, benki hulipa kadiri ile ile iliyowekwa. Hapana turufu wala mwenzi wa kukonyezana naye, na kumtazama adui usoni hakufai kitu, maana adui mwenyewe hajui litakalotoka. Tendo pekee alilobakiziwa mwanadamu ni lile la kuchagua karata yake, na hapo ndipo Pushkin alipoficha kisu.

Michezo mingine haikatai kutumika, lakini kila mmoja huzaa jeraha la namna yake. Katika Mahabharata, Yudhishthira anafikwa na dadu, kwa kuwa dadu hurushwa upesi na kurudiwa upesi, hata mtu akaweza kuweka rehani mali, kisha ufalme, kisha ndugu zake, kisha nafsi yake, na mwisho mkewe Draupadi, katika kikao kimoja na bila ya nafasi ya kuvuta pumzi. Ian Fleming, mwaka 1953, alimpa James Bond bakara. Watengeneza filamu ya hadithi hiyo, ya mwaka 2006, wakaiondoa wakaweka poka, na naona walifanya vyema kwa kazi yao, kwa sababu poka humpa mtazamaji nyuso mbili za kuzipeleleza. Bali Hermann angewekwa katika mchezo wa wanne wenye turufu, kama tuuchezavyo barazani, kosa lake lingegawanywa na mwenzi wake, na nusu ya msiba ingepotea katika kulaumiana.

Tazama basi hesabu yenyewe. Hermann, afisa mhandisi mwekevu ambaye kwa siku nyingi alikesha akiwatazama wenzake bila ya kugusa karata, amepewa na mzuka wa bibi mzee siri ya tatu, saba na ree, kwa sharti la karata moja tu kwa siku. Sharti hilo ni ufundi mtupu, maana linaugawa mchezo wa dakika chache katika usiku tatu, na baina yake msomaji hulala na hofu. Usiku wa kwanza anaandika kwa chaki rubo 47,000, mahali ambapo hapana aliyewahi kuweka zaidi ya 275 kwa karata moja. Tatu inaanguka kushoto. Usiku wa pili anaziweka zote 94,000 juu ya saba, nayo inaanguka kushoto. Usiku wa tatu zimekuwa 188,000, na wageni wote wameacha meza zao kuja kutazama.

Kila mmoja anafungua jozi mpya. Chekalinsky, mwenye benki, anachanganya. Hermann anakata, analaza karata yake, na kuifunika kwa rundo la noti. Ni jambo dogo hili, na msomaji mwenye haraka hulipita, ilhali kila kitu kimo ndani yake: fedha zenyewe ndizo zinazomziba macho asiione karata aliyoichagua. Mikono ya mwenye benki inatetemeka. Kuume anaanguka malkia, kushoto ree. Hermann anatamka ya kuwa ree imeshinda, anafunua karata yake, na iliyomo mkononi ni malkia wa shupaza.

Ree ilitoka pale pale ilipoahidiwa; mzuka haukusema uongo, na Chekalinsky hakuiba. Kama farao ingekuwa na ujuzi hata chembe, tungetafuta wa kumshitaki. Lakini mkono uliochomoa karata ile ni wa Hermann peke yake, kutoka katika jozi aliyoifungua mwenyewe. Chekalinsky anavuta noti upande wake, anachanganya karata upya, na wachezaji wengine wanaendelea.