Askofu wa Pointi Elfu Ishirini na Tano

Katika mikesha na semina za vijana tunalisikia sana ombi hili: Mungu akupandishe viwango. Wengine husema wazi zaidi, akupeleke leveli nyingine. Washarika huitikia amina kwa sauti, na hatuwalaumu. Mtu aliyelima pamba misimu mitatu na bado anadaiwa pembejeo ana kila sababu ya kutamani kuinuliwa. Lakini neno hili, leveli, vijana wetu hapa Maswa wamelizoea zaidi katika michezo ya simu kuliko katika Katekismo, na nyuma ya michezo mingi ya namna hiyo upo mmoja wa zamani, uliochezwa kwa karatasi na kalamu. Tumeona inafaa tuutazame, maana ndani yake kanisa limepewa ngazi yake.

Mchezo huo ni Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, katika vijitabu vitatu. Hauna mashimo kama bao wala vizibo kama drafti. Watu huketi mezani; mmoja ni msimamizi, naye husimulia mapango, majitu na hazina. Kila mmoja wa waliobaki huchukua mhusika wake, mpiganaji, mchawi au mtumishi wa dini, na kueleza huyo mhusika anafanya nini. Dadu huamua kama amefaulu. Akiua jitu au akirudi nyumbani na dhahabu huandikiwa pointi, na pointi zikitimia anapanda daraja. Mpiganaji akifika daraja la tisa anaitwa bwana. Anaweza kujenga ngome yake na kutoza watu kodi.

Orodha ya mtumishi wa dini ndiyo iliyotusimamisha. Katika toleo lile la kwanza kila daraja lilikuwa na cheo. Anaanza chini kabisa kama msaidizi wa ibada, hana pointi hata moja. Daraja la tatu, kwa pointi 3,000, ni kasisi wa kijiji. La sita, kwa pointi 25,000, ni askofu. Juu ya askofu wamemweka lama, kiongozi wa Wabudha wa Tibet, na juu ya wote patriarki, kwa pointi 100,000. Ni wazi kwamba waandishi walikuwa wakitafuta majina yenye kishindo tu. (Wakuu wetu wa majimbo watasamehe kwamba wao hawakupewa hata ngazi moja.)

Miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliushambulia mchezo huu kwa ajili ya uchawi na mashetani yaliyomo. Kwa maoni yetu walipiga pasipouma. Majitu yale yamewekwa ili yapigwe, na mtoto wa Kisukuma aliyelala akisimuliwa habari za Shing'weng'we hatatishwa na zimwi la kwenye kitabu. Tena tukiri uzuri uliopo: watu wanaketi pamoja, wanatazamana usoni, na yule mpiganaji shupavu akijeruhiwa anamhitaji mtumishi wa dini amponye, hata kama yuko chini yake kwa daraja. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo la jamaa moja na hilo, habari za mwili na viungo vyake.

Tatizo liko kwenye ngazi. Hebu tuuweke mchezo huu kando ya hadithi yetu wenyewe. Wasimulizi hutofautiana, lakini kiini chake kila mzee anakijua: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wazima. Katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi akakasirika, wala hakusema kwamba kwa kuwa ameokolewa basi sikio si kitu. Ikabidi shujaa ashughulike naye kwanza. Mwishowe watu wakamfanya mtemi.

Jitu limekufa katika meza ile na limekufa katika hadithi hii, na muuaji amepanda katika zote mbili. Lakini pale mezani pointi zinaingia kwenye karatasi ya aliyeua, na hakuna anayehitajika kutoka tumboni. Katika hadithi yetu cheo kinatolewa na mikono ya waliotoka, na bibi mwenye sikio lililokatwa ana shauri ambalo mtemi mtarajiwa hawezi kuliruka. Kwa hadithi hii mababu walijua jambo ambalo vijitabu vile havikuligusa: kwamba nguvu ni kitu kimoja na cheo ni kitu kingine, na kati yake kuna watu.

Luther aliligusa jambo hilohilo mwaka 1520, alipowaandikia wakuu wa Ujerumani. Alifundisha kwamba ubatizo unawaweka Wakristo wote katika hali moja mbele za Mungu, na kwamba askofu na fundi viatu wanatofautiana kwa kazi tu. Kwa hiyo askofu akistaafu hapotezi pointi; anaketi benchi moja na wengine na kushika kitabu cha nyimbo. Katika mchezo ule, kinachoweza kumshusha mtu daraja ni kuguswa na baadhi ya maiti wanaotembea. Kushuka huko ni hasara tupu. Ndiyo maana Wafilipi sura ya 2, inayomsimulia Kristo akishuka hadi msalabani, haiwezi kuandikwa kwa hesabu za namna hiyo.

Na hapa ndipo maombi ya viwango yanapotutia wasiwasi kama wachungaji. Yupo mama anayeombewa kupandishwa mwaka huu, na mwaka ujao, na unaofuata. Nyumba ni ileile, mgonjwa ndani ni yuleyule. Wenzake wanatoa ushuhuda wa pikipiki na bati jipya. Hakuna anayemwambia kwamba hajafikisha, ila anajumlisha mwenyewe. Anaanza kuketi karibu na mlango. Kwenye kituo cha kununulia, pamba inatengwa safi na fifi, na ni haki, kwa maana bei inategemea. Yakobo katika sura yake ya pili anakataza utengaji huo usiingie kwenye viti vya ibada, lakini viti vyetu vya mbele bado vina vitambaa, na kila mtu anajua vinamngoja nani.

Matoleo ya baadaye ya mchezo yaliviacha vyeo vile, zikabaki namba. Kwa hiyo vijana wakituuliza kama wanaweza kuucheza katika ukumbi wa usharika, jibu letu ni ndiyo, na tunashauri kanuni moja ya nyongeza: jitu likishaanguka, kabla pointi hazijaandikwa, msimamizi aulize nani ametoka tumboni, na kama kuna aliyekatwa sikio.