Foleni ya Baiskeli Amsterdam Ilivyopunguzwa

Jioni watu wakitoka kazini, njia ya baiskeli jijini Amsterdam inaweza kupitika vizuri mwendo mrefu, kisha ikajaa ghafla ukikaribia taa. Kwa hali hiyo, kuipanua njia nzima ni kupoteza fedha. Panapobana ni mita chache za mwisho.

Tupige hesabu ndogo. Njia yenye upana wa mita 2 inatosha baiskeli mbili sambamba. Wakisimama watu 12 zinakuwa safu 6, foleni ya mita 12 hivi. Kijani kikiwaka, safu ya sita haisogei mpaka zile tano za mbele ziondoke, na kila moja huchelewa kidogo kuanza. Wapange wanne wanne: safu zinabaki 3, na watu walewale wanavuka kwa muda mfupi zaidi. Kurefusha kijani ni dawa dhaifu. Sekunde unazowaongezea wao unazitoa kwa tramu, magari na waenda kwa miguu, na wanaongoja upande wa pili nao wanazidi kurundikana.

Ndiyo maana kwenye makutano ya Mr. Visserplein wahandisi walianza na mdomo wa njia. Waliupanua karibu na mstari wa kusimamia, umbo ambalo Waholanzi huliita mfuko wa chipsi: jembamba nyuma, pana mbele. Kisha wakageukia kisiwa kinachotenganisha baiskeli na magari. Uholanzi huendesha kulia, kwa hiyo mwenye baiskeli anayetaka kukata kushoto huvuka barabara moja kwanza, halafu anasubiri taa ya pili pembeni. Wakirundikana hapo, magurudumu yao ya nyuma huwazibia wanaonyoosha. Kisiwa kikapunguzwa, kikabaki chembamba na kilichopinda mithili ya ndizi, na nafasi ya kusubiri ikapatikana. Hii ndiyo kazi ninayoihusudu zaidi, kwa sababu aliyeichora alitazama kwanza baiskeli zinasimama wapi hasa.

Kwenye makutano mengine ya Amsterdam, Alexanderplein, walithubutu zaidi. Mei 2016 walizima taa kabisa kwa majaribio, mahali ambapo tramu nazo hupita. Bila nyekundu, watu hawakusanyiki wakaachiliwa kwa mkupuo. Wanafika kidogo kidogo, wanapunguza mwendo, wanatazamana na kupishana. Baada ya majaribio taa ziliondolewa moja kwa moja.

Nisingependa mji wowote uige hilo kwa pupa. Pale baiskeli ni nyingi mno, na dereva anajua hawezi kupita kwa kasi. Palipo na magari mengi yanayokimbia, kuzima taa ni kuhatarisha watu. Tena kupishana kwa kutazamana kunamwacha nje asiyeona. Yeye huvuka kwa kutegemea mlio wa taa, na taa ikiondoka lazima awekewe njia nyingine ya kujua kwamba wanaokuja wamesimama.