Kuiga au Kudondoa?

Santuri ya MC Hammer wa Marekani, Please Hammer Don't Hurt 'Em (1990), ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo nchini humo kwa majuma 21. Sifa yake ni mdundo. Hata mwenye miguu mizito hutikisika. Maneno ni haba, na majigambo yamekaririwa mno. Tena, U Can't Touch This umejengwa juu ya Super Freak, wimbo wa Rick James wa 1981. Mfasiri akiandika “ameiga” atakosea: aigaye hupiga mwenyewe, ilhali hapa sauti iliyorekodiwa imekatwa ikapandikizwa. Twapendekeza “kudondoa”. Ila adondoaye humtaja mwenyewe. James aliingizwa miongoni mwa watunzi baada ya kushtaki.