Watatu Nyuma, Wawili Wasiopumzika

Kwenye vibanda umiza vya Singida, kuanzia mjini mpaka kata za vijijini kama Mgori, mfumo wa 3-5-2 hauna wapenzi wengi. Kocha akipanga mabeki wa kati watatu, hachelewi kupatikana mtu wa kusema, "Huyu leo kaja kupaki basi." Mimi niko upande wa kocha.

Ukiwa na mabeki wa kati wawili tu na pinzani akasimamisha washambuliaji wawili, namba nne na namba tano wanabaki mtu kwa mtu, na mmoja wao akiteleza tu, kipa yuko peke yake. Wakiwa watatu, wawili wanakaba na wa katikati anabaki huru. Huyo wa katikati hakimbizani na mtu. Kazi yake ni kusoma: pasi bado iko mguuni mwa mpigaji, yeye ameshaanza kusogea kule itakakoangukia. Ndiyo maana nafasi hiyo huwafaa waliokula chumvi.

Mfano wangu ni Erasto Nyoni. Mwaka 2007 alikuwa kijana aliyeifungia Taifa Stars bao pekee dhidi ya Burkina Faso kule Ouagadougou. Miaka zaidi ya kumi baadaye, akiwa Simba, kasi imepungua, akawa mmoja wa mabeki watatu wa mfumo ulioshika mizizi wakati Masoud Djuma anaiongoza timu, kabla Mfaransa Pierre Lechantre hajafika mwanzoni mwa 2018. Aprili 29 mwaka huo Simba iliifunga Yanga 1-0, na mfungaji alikuwa beki huyohuyo, kwa kichwa, kutokana na mpira wa adhabu wa Shiza Kichuya. Simba ikabeba ubingwa wa kwanza tangu 2012, na katika ligi nzima ikapoteza mechi moja tu, dhidi ya Kagera Sugar, kombe likiwa limeshapata mwenyewe. Basi gani hilo lililopakiwa?

Lakini sifa kubwa nawapa mabeki wa pembeni. Simba ile ilikuwa na Shomari Kapombe kulia na Asante Kwasi, aliyetoka Lipuli, kushoto. Mtazame beki wa pembeni wa mfumo huu kwa dakika moja tu, uuache mpira. Timu ina mpira: yuko kwenye chaki, juu kabisa, anamvuta beki wa pinzani atoke kati. Krosi imepigwa, imeokolewa, pinzani wanatoka mbio. Yeye anageuka na kurudi mita hamsini, tena kwa njia ya ndani, ili awahi kuziba mgongoni mwa beki wa kati aliyetoka kukaba. Hapo hajaugusa mpira hata mara moja, na jukwaani hakuna aliyempigia makofi. Akichelewa hatua tatu, mfumo mzima umekufa, na lawama anabeba beki wa kati.

Antonio Conte alilijua hilo. Chelsea yake ilipochapwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, alihamia mabeki watatu, na kulia akampa kazi Mnigeria Victor Moses, winga ambaye klabu ilishamzungusha kwa mkopo huku na huko. Zikafuata mechi 13 za ligi za ushindi mfululizo, na ubingwa. Wapo waliokuwa na chenga kumzidi Moses. Yeye alikuwa na mapafu ya mbwa na utii.

Nakubali, mfumo una dhambi zake. Dhidi ya mshambuliaji mmoja, watatu nyuma ni ubadhirifu, kati kunapwaya. Na ukiwa na mabeki wa pembeni wazito, unageuka kweli kuwa basi, watu watano wamekaa kwenye mstari wakisubiri kufungwa.

Hapo ndipo nawageukia walimu wa michezo wa Mgori na kata jirani. Mkoa huu umemzaa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, kwa hiyo watoto wenye pumzi tunao. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ikifika, wale wa mita 1,500 msiwaache kwenye riadha peke yake. Wapeni jezi namba mbili na namba tatu, muwafundishe kupiga krosi. Krosi inafundishika, pumzi ya kurudi nyuma dakika ya themanini ni shughuli nyingine.