Mguu Hufunzwa na Sikio

Uvira haijawahi kupungukiwa midundo. Jumapili asubuhi, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, kwaya zinapokezana, na mpiga kinanda akibonyeza kitufe kimoja tu, ngoma inajipiga yenyewe. Jioni ni zamu ya sebene. Mchezaji hutengewa kila kitu: besi inamwonyesha pa kukanyaga, gitaa linamwitia kiuno. Ndiyo maana naisifu kazi ya mwalimu anayekizima kile kitufe, akaiweka sauti ya piano, akapiga kipande cha zamani na kuwaambia vijana: haya, chezeni.

Mwanzoni wanaduwaa, kwa kuwa pigo halijitangazi, lazima litafutwe. Menueti ya Christian Petzold, iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725 na iliyodhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya mumewe, inafaa kuanzia. Muziki wake unahesabiwa kwa tatu, lakini hatua ya menueti hukamilika kwenye pigo la sita. Anayeshindilia kila "moja" anaikata hatua katikati. Mwalimu hamkemei. Anaufifisha mkono wa kushoto, anaiacha sauti ya juu peke yake, na mguu unalazimika kuhesabu wenyewe.

Anayewapigia wachezaji hatazami vidole vyake, hutazama magoti yao. Goti likikunjika kwa ajili ya kuruka, analichelewesha pigo kidogo, ili mguu na sauti vitue pamoja. Mashine haina subira hiyo.

Njia hii si ngeni. Émile Jaques-Dalcroze, aliyeanza kufundisha harmonia mjini Geneva mwaka 1892, aliona wanafunzi wanaozijua nota vizuri lakini hawausikii mwendo wake. Akakaa kwenye piano, akawatembeza: akiharakisha, waharakishe, akinyamaza, wasimame. Mwili ukawa daftari la mazoezi.

Siku ya kupiga Waltz ya Chopin, Opus 42 ya mwaka 1840, mambo hugeuka. Mkono wa kushoto unakwenda kwa tatu, wa kulia unaimba kwa mbili. Wapiga piano wengi huitolea jasho. Kijana aliyelelewa na ngoma za huku, ambazo husokota mbili ndani ya tatu, huingia bila kuhesabu. Hapo mwalimu naye hupata la kujifunza.

Wapo watakaouliza faida ya muziki wa Ulaya kwa mtoto wa Uvira. Mtazame akirudi kwenye sebene. Hafuati tena kila pigo analorushiwa. Anazisikia sauti za gitaa, solo, mi-solo na akompa, kila moja kivyake, anachagua moja ya kuandamana nayo, nyingine anaziacha zipite. Kuchagua huko ndiko kunakomtofautisha mchezaji na mtu anayetikisika tu.